Kufundisha Waaminifu Watakaofundisha Wengine: Maswali Tunayoulizwa Bukavu

Maswali haya yametoka kwa waumini wa Ibanda, Kadutu na Bagira, komuni tatu za mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mengine tuliulizwa mlangoni pa kanisa baada ya ibada, mengine kwa simu, na mengine barabarani pale Nyawera, muulizaji ameshapanda pikipiki na dereva anapiga honi. Tunaofanya kazi hii ya kulea waumini katika makundi madogo, ili nao wawalee wengine, wengi wetu si wanatheolojia. Kuna mwalimu wa shule ya msingi, fundi seremala, mama wa butiki, na wachungaji kadhaa. Ukiona jibu limekuwa refu, ujue hapo ndipo watu wengi wanakwama.

Nimeokoka siku nyingi, niko kwenye kwaya, sikosi ibada. Mnataka niongeze nini tena?

Tunataka uwe na mtu anayekuuliza. Jumapili mahubiri yanasikiwa na watu mia tano, mchungaji anabariki, kila mmoja anarudi kwake, na ikifika Jumatano hakuna anayeulizwa ametenda nini katika yale aliyoyasikia. Yesu naye alihubiri makutano. Lakini alipotaka kazi iendelee baada yake aliwachagua kumi na wawili, na Marko 3:14 inataja kwanza kwamba wawe pamoja naye, ndipo inataja kutumwa kuhubiri.

Tuna waimbaji wa miaka kumi na mitano ambao mtoto wa dada akiwauliza kwa nini Yesu alikufa, wanamjibu, "Ngoja Jumapili umuulize mchungaji." Si watu wabaya. Ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa nao akawaambia, "Haya, nieleze wewe."

Kwa nini kila mara mnarudi kwenye 2 Timotheo 2:2?

Kwa sababu mstari huo mmoja una vizazi vinne: "Na mambo yale uliyoyasikia kwangu mbele ya mashahidi wengi, hayo uwakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine." Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Paulo anaandika akiwa mfungwa, anajua siku zake zinakwisha. Hamwambii Timotheo ahubiri kwa sauti kubwa zaidi. Anamwambia atafute watu wa kuwakabidhi.

Sisi wa Kivu hatuhitaji kwenda mbali kuona jambo hili. Wapentekoste kutoka Uswidi walifika huku mwaka 1921, wale wa Norwe wakaanza Kaziba mwaka 1922. Kisha ikaja 1960 na uhuru, ikaja 1964 na uasi wa Simba, na wamisionari wengi wakaondoka, wengine kwa haraka bila hata kufunga masanduku. Makanisa hayakuzimika. Waliobaki nayo ni waevanjelisti na wazee wa kanisa waliokuwa wamezoea kutembea kwa miguu kutoka kilima hadi kilima na Biblia kwapani. Pale ambapo mmisionari alikuwa amefanya kila kitu peke yake, palitetereka. Pale alipokuwa amewazoesha wenyeji kufundisha, Jumapili iliyofuata ibada iliendelea.

Upande wa Ituri kuna Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga mwaka 1896. Aliteswa na kufungwa, akarudi tena, akalea walimu waliokwenda kwenye vijiji vya msituni. Alipokufa huko Boga mwaka 1933 alikuwa ameomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu huko kazi ilikuwa haijakwisha. Wale walimu waliendelea nayo.

Mtu mwaminifu tunamjuaje? Watu wanajua kujionyesha.

Hili ndilo swali kubwa, na makanisa mengi yanalijibu vibaya. Yanamchukua mwenye maneno. Kijana anaomba kwa moto, anajua Kifaransa, anavaa vizuri, basi wiki mbili baadaye ameshika mikrofoni. Paulo hakusema "watu hodari wa kusema". Alisema waaminifu, na watakaofaa kufundisha. Kufundisha mtu anaweza kuzoeshwa. Uaminifu ni vigumu sana kuupandikiza kwa mtu mzima.

Angalia mambo madogo, tena usimwambie kwamba unaangalia. Nani anakuja hata mvua ya mwezi wa nne ikigeuza njia za Kadutu kuwa matope? Umemtuma kununua mishumaa, je, chenji imerudi? Umemwambia jambo la siri, je, umelisikia kwa mtu mwingine kabla ya jua kuzama?

Kuna kipimo kimoja ambacho akina mama walitufundisha, nasi tunakiamini kuliko maswali yote ya kwenye karatasi: likelemba, mchango wa zamu ambao kila mwezi mmoja anapokea pesa za wote. Katika likelemba kila mtu ni mwaminifu kabla zamu yake haijafika. Mtazame yule aliyekwisha kupokea. Amechukua pesa zote mwezi wa kwanza, amelipa karo ya shule, na bado miezi tisa mbele yake anapaswa kutoa bila kupokea kitu. Anayetoa hadi mwisho, bila kufuatwa nyumbani, bila kuzima simu, huyo mlete. Hata kama kusoma kwake ni kwa shida.

Jambo lingine: usimkimbize aliyeokoka juzi. 1 Timotheo 3:6 inaonya juu ya aliyeongoka karibuni, asije akajivuna. Aanze na kusimulia aliyoyasikia kwa mdogo wake nyumbani. Mimbari ingoje.

Mnatoa transport, pesa ya nauli? Kuna breve, cheti, mwishoni?

Hapana. Hakuna bahasha, na hakuna breve.

Tunajua swali linatoka wapi. Mji wetu umeishi miaka mingi na semina. Unafika, unasaini liste ya waliohudhuria, unapewa soda na mkate, unasikiliza hadi saa nane, unasaini tena, unapokea transport. Mtu akizoea hivyo, siku ukimwita kwa Neno tupu anauliza kwa adabu kabisa, "Na liste iko wapi?" Hatumlaumu. Mama anayepanga nyanya kwenye njia ya soko la Kadutu, siku asipouza watoto hawali jioni. Ukimwita kwenye chumba cha kanisa saa nne asubuhi umemwomba alipe gharama kubwa kuliko wewe uliyemwita.

Kwa hiyo tumegeuza mwendo: anayefundisha ndiye anayetembea. Unakwenda kwake, saa yake, mahali pake. Kama anauza, unakaa kwenye kijiti pembeni ya meza na mnazungumza kati ya mteja na mteja. Kama ni seremala, unashika ubao upande wa pili huku yeye anakata. Semina ya siku tatu yenye chakula cha mchana inatumia pesa nyingi, na baada ya mwezi ukimwuliza aliyehudhuria amemfundisha nani, anakuonyesha breve ukutani. Tunasema hivi tukijua kuna ndugu wanaoandaa semina kwa moyo safi. Semina inaweza kuamsha watu. Kulea mtu ni kazi nyingine, na pesa za semina haziwezi kuinunua.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Ukimfundisha mtu kwa bahasha, naye hataweza kufundisha mpaka apate bahasha za kuwapa wengine. Umemfunga mikono. Kila unachotumia kufundishia, jiulize kama yeye atakipata kesho: projekta, fotokopi, jenereta, viti vya kukodi. Kama hatakipata, kiache nyumbani.

Kundi moja liwe na watu wangapi?

Watatu, wanne, wasizidi sita. Wakizidi hapo kuna mmoja ambaye atakaa miezi mitatu bila kufungua kinywa, na hutamwona.

Kipindi kimoja kinaendaje hasa?

Tuchukue Jumatano moja, saa kumi alasiri, nyumba ya mbao Kadutu. Tunachagua saa hiyo kwa sababu jioni umeme hauna ahadi, na hakuna anayependa kupanda ngazi za matope gizani.

Tunaanza na wiki iliyopita, kabla ya kufungua Biblia. Kila mmoja anasema alichokuwa ameahidi na kama alikitenda. "Nilisema nitaomba msamaha kwa shemeji. Sijaenda." Sawa, tunaandika moyoni, tunamwombea, wiki ijayo tutamuuliza tena. Sehemu hii ina aibu kidogo, na watu wengi wanaoongoza wanapenda kuiruka ili wafike haraka kwenye somo. Msiiruke. Somo bila sehemu hii ni mahubiri mengine tu.

Kisha mmoja anasoma Marko 2:1-12, taratibu, mara mbili. Biblia zinafungwa. Mwingine anasimulia habari yote kwa maneno yake, wengine wanasikiliza ili wamsahihishe. Siku hiyo baba mmoja alisimulia vizuri hadi akafika kwa wale watu wanne, akasema, "Wakapanda juu, wakang'oa mabati." Kicheko. Tukafungua tena kuangalia: walitoboa dari. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akauliza, "Na nani alilipa ile dari?" Hakuna aliyekuwa amewahi kujiuliza. Tukakaa hapo nusu saa nzima: mwenye nyumba aliyepata vumbi kichwani, marafiki ambao huenda walirudi kesho yake na udongo kutengeneza, gharama ya kumleta mtu kwa Yesu. Yeye anajua bei ya bati moja, ndiyo maana aliiona.

Baadaye maswali ni yale yale kila wiki, ili mtu yeyote aweze kuyashika na kuyatumia kwake. Habari hii inatuonyesha Mungu ni wa namna gani? Inatuonyesha sisi watu tukoje? Kabla ya Jumatano nitatii nini? Nitamsimulia nani? Swali la mwisho linatajiwa jina. "Nitawasimulia watu" halikubaliki. Watu gani?

Tunafunga kwa maombi. Saa moja na nusu, basi. Chai ikiwepo tunashukuru, isipokuwepo hakuna anayeiulizia.

Mimi sikusoma. Kuandika jina langu tu ni vita. Nitafundishaje?

Utafundisha, na pengine utakumbuka kuliko waliosoma. Mwenye daftari anaandika, anafunga daftari, anasahau. Wewe unashika kichwani. Petro na Yohana baraza liliwaona kuwa watu wasio na elimu (Matendo 4:13), na jambo lililowashangaza wale wakubwa ni kwamba watu hao walikuwa pamoja na Yesu.

Ndiyo sababu tunatumia habari zinazosimuliwa, hatuanzi na vichwa vya theolojia vyenye namba. Uumbaji, Adamu na Hawa, Nuhu, Ibrahimu, Pasaka ya Misri, Daudi, kisha Yesu tangu kuzaliwa hadi kufufuka, kisha Matendo. Mama anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani, akizishika habari hizo kwa mpangilio, ana kitu cha kumpa mteja anayelia mbele ya meza yake. Ila jambo hili lina upande wa pili: asiye na uwezo wa kusoma hawezi kukagua alichoambiwa. Hivyo ukiwa na mtu wa namna hiyo kwenye kundi, tafuteni dakika ishirini za herufi kila wiki. Wapo waliojifunza kusoma kwa Injili ya Marko yenyewe, na furaha yao hutaisahau.

Tufundishe kwa Kiswahili, Kifaransa au lugha ya nyumbani?

Kwa lugha ambayo mtu anaomba akiwa na homa. Mjini mara nyingi ni Kiswahili. Ukipanda Kabare au Walungu ni Mashi, Idjwi ni Kihavu, Mwenga na Shabunda Kirega, Fizi Kibembe. Kifaransa waachieni wanafunzi wa chuo wanaokitaka. Mchungaji akieleza neema kwa Kifaransa mbele ya bibi wa Walungu, bibi atasema amina kwa heshima tu.

Wanawake wanaweza kufundisha?

Makomunote yetu, yaani madhehebu yetu, hayako sawa juu ya mimbari na juu ya kuwekewa mikono, na hatutaki kuyasuluhisha hapa. Lakini kulea mtu katika imani, hilo halina ubishi. Imani ya Timotheo ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Tito 2 inawatuma wanawake wazee wawafundishe wanawake vijana. Na Apolo, mhubiri mwenye ufasaha, alichukuliwa pembeni na Prisila na Akila wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26).

Katika mji huu wanaobeba kazi hii kwa kweli ni akina mama. Tukiwaondoa leo, kesho makundi mengi hayatakutana.

Kanuni moja hatuilegezi: mwanamume anawalea wanaume, mwanamke wanawake, au mume na mke wanakaribisha kundi pamoja. Kijana na binti hawafundishani wawili peke yao ndani ya nyumba, hata wakisema ni Biblia tu. Tunajua tunaonekana wakali. Ni heri.

Mchungaji wangu anasema ninamwibia kondoo. Nifanyeje?

Usimdharau, kwa sababu woga wake una historia. Hapa Bukavu kanisa jipya mara nyingi linazaliwa hivi: kundi la maombi nyumbani kwa mtu, wiki baada ya wiki, kisha sadaka, kisha jina, kisha bango la mabati barabarani, na mchungaji wa zamani anahesabu viti vilivyobaki wazi. Amekwisha kuliona hilo kwa macho yake, labda zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo mwendee kabla hujaanza, si baada. Mpe majina ya watu unaotaka kukaa nao. Usikutane saa ya ibada. Usikusanye sadaka hata franga moja. Anayetaka kutoa akatoe kanisani. Usilipe kundi jina, maana siku ukilipa jina umeshaanza kulijengea ukuta. Na mwalike aje aketi siku moja, bila kumpa nafasi ya kuhubiri. Akiona waumini wake wanaelewa Marko na wanapatana na majirani, wengi hulainika. Asipolainika, subiri. Kuna mzee mwingine kanisani humo anayeweza kusema naye.

Na kwenu wachungaji mnaosoma: mkifanya kila kitu ninyi, kuanzia mazishi hadi kufungua mlango wa kanisa, mtachoka, na siku mkihamishwa parokia itakuwa kama haikuwahi kufundishwa. Musa naye aliambiwa hivyo na baba mkwe wake.

Inachukua muda gani, na nimwachie lini aongoze?

Wale kumi na wawili walikaa na Yesu miaka kama mitatu. Paulo alifundisha kila siku katika darasa la Tirano kule Efeso kwa miaka miwili (Matendo 19:9-10), lakini Thesalonike kitabu cha Matendo kinataja sabato tatu tu kabla ghasia hazijaanza, na bado kanisa likabaki. Kwa hiyo hakuna kalenda. Kwetu mara nyingi ni kama mwaka mmoja wa kukutana kila wiki.

Kumwachia, hata hivyo, hakungoji mwisho wa mwaka. Kunaanza wiki ya pili. Wiki hii asome yeye. Wiki ijayo asimulie. Mwezi unaofuata aulize maswali manne huku wewe umekaa pembeni. Kisha aongoze kipindi chote ukiwepo. Kisha aongoze ukiwa umekwenda kuzika Kabare, na ukirudi umuulize ilikwendaje.

Ugumu uko kwenye kunyamaza. Anaongoza, anapotea kidogo, anasahau swali la tatu, watu wanakutazama wewe. Ukidakia, umemwambia mbele ya wote kwamba bado kundi ni lako. Tazama sakafu, au kunywa maji. Mtazungumza mkitoka, njiani, wawili. Tumeona walezi wazuri sana, wenye Neno jingi, ambao baada ya miaka sita bado wanaongoza kundi lile lile, kwenye sebule ile ile, na hakuna hata mmoja wa watu wao aliyeanzisha lingine. Wanapendwa sana. Na kazi imesimama hapo hapo.

Kwa hiyo tukikutana na mlezi hatumuulizi amefundisha wangapi. Tunamuuliza: wale uliowafundisha, wanamfundisha nani? Akitaja majina, tunamuuliza: na hao?

Je, mwanafunzi wangu akifundisha makosa?

Atafundisha. Kwanza tofautisha. Kuna mambo ambayo Wakristo wanaompenda Bwana hawapatani juu yake, kama ubatizo wa watoto. Hapo fuata mafundisho ya komunote yako bila kuwatukana wengine. Kuna kusahau na kuchanganya, kama kumweka Eliya katika safina. Hilo mnalicheka na kulisahihisha. Na kuna sumu: kwamba ugonjwa wako ni kwa sababu hukutoa ya kutosha, kwamba mafuta haya ya dola kumi yatafungua visa, kwamba mtoto huyu wa kambo ndiye mchawi wa nyumba. Hilo la mwisho limewatupa watoto barabarani katika miji yetu. Halisubiri Jumatano ijayo. Unakwenda leo.

Kwa makosa ya kawaida, njia ni ile ya Prisila na Akila: pembeni, kwa upole, na Biblia mkononi. Kwa kinga ya muda mrefu, wazoeshe watu kuuliza, "Imeandikwa wapi?" Wakuulize hata wewe. Watu wa Beroya walimchunguza Paulo mwenyewe kila siku katika maandiko, na Luka anawasifu kwa hilo (Matendo 17:11). Mlezi anayekasirika akiulizwa, huyo ndiye wa kumwangalia kwanza. Yakobo 3:1 iko pale kwa ajili yetu sote: tusiwe waalimu wengi, kwa kuwa hukumu yetu ni kubwa zaidi.

Niliyemlea miaka miwili ameacha imani. Nimepoteza muda wangu?

Paulo alipoteza Dema, na anamtaja kwa jina. Katika mstari unaofuata anamwita Marko, yule ambaye zamani aliwaacha njiani na kumgombanisha Paulo na Barnaba. Sasa anasema Marko anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:10-11). Mwendee kama ndugu, usimwendee kama polisi. Na usiache kuwafundisha waliobaki huku ukimlilia yule mmoja.

Kundi letu lina watu wa makabila yasiyoaminiana. Tuligawanye?

Msiligawanye. Tunasema hili tukijua uzito wake; kuna nyumba katika mji huu ambazo zimezika watu, na jina la kabila fulani likitajwa chumba kinabadilika. Lakini watazame waliokuwa wakifundisha Antiokia katika Matendo 13:1. Barnaba wa Kipro, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio wa Kirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli aliyekuwa akiwatesa. Hebu mfikirieni Manaeni ameketi katika kundi hilo, ametoka nyumba ya mkubwa aliyemkata Yohana kichwa.

Wekeni masharti kidogo. Siasa ya siku hiyo haiingii. Hakuna anayeulizwa ndugu yake yuko upande gani. Hakuna anayeandika orodha ya majina, wala kupiga picha za kundi na kuzisambaza. Na msilazimishe watu kukumbatiana wiki ya kwanza ili ninyi viongozi mjisikie vizuri. Kula bugali katika sahani moja kunakuja baada ya muda, kwa wengine baada ya muda mrefu.

Vita vya 2025 vimetutawanya. Wengine wako Bujumbura, wengine Uganda. Tuendelee kwa simu?

Ndiyo, na msingoje kurudi. Matendo 8:4 inasema waliotawanyika walikwenda huku na huko wakilihubiri neno. Kundi mlilokuwa nalo Bagira sasa linaweza kuwa makundi matatu, kama kila mmoja alikuwa amefundishwa kuongoza. Ndiyo maana hatukutaka mtu ategemee sauti ya mlezi mmoja.

Kwa simu, ujumbe wa sauti wa dakika tatu au nne unatosha: habari moja, kisha yale maswali manne. Wale wasio na mega za intaneti wapigieni simu hata dakika moja kwa wiki, wasije wakajiona wamesahauliwa. Anayeishi kambini, Nakivale kule Uganda au Nyarugusu kule Tanzania, asijaribu kulileta kundi la zamani kwenye simu peke yake. Jirani wa hema la pili yuko karibu zaidi. Na mtandao ukikatika, kilicho kichwani hakikatiki.

Mkatoliki anaweza kuja?

Karibu sana. Wengi wanazo tayari shirika zao, yaani jumuiya ndogo za Wakatoliki, kwenye kartie, mtaani, na mkatekista wao, na hatuna nia ya kuwatoa huko. Wamekuja kusoma Marko na majirani, wanarudi kwenye misa yao Jumapili.

Watoto waje nao?

Waje, mama hana wa kumwachia. Mpeni mtoto wa miaka tisa nafasi ya kusimulia habari kabla ya watu wazima. Mara nyingi hasahau kitu. Wadogo zaidi wakichoka wacheze nje, na msiwagombeze.

Nimeelewa. Nianzie wapi wiki hii?

Andika majina matatu ya watu unaokutana nao bila kupanga: unayechota naye maji, unayefanya naye salongo, kazi ya pamoja ya usafi, Jumamosi, fundi wa jirani. Waombee hadi Jumapili. Kisha mwendee wa kwanza, peke yenu, umwambie hivi: "Nataka tukae saa moja kila wiki tusome Marko, kisha wewe utafute mwingine wa kusoma naye. Unaweza?" Mwambie sehemu ya pili tangu siku ya kwanza, asije akaisikia mwaka umekwisha. Akikubali, kubalianeni siku na saa kabla hamjaachana. Akisema ataangalia, mpe wiki moja. Akikataa, mwendee wa pili.